Mashitaki ya uongo juu ya walimu na walezi: kwa nini hayahesabiki



Kila mara jambo la ubaya juu ya watoto linapozungumzwa kati yetu, swali moja halikosi kutokea. Katika mashitaki mia yanayoletwa juu ya mwalimu, juu ya mlezi au juu ya padri, ni mangapi yaliyo ya uongo? Wako wanaojibu mara moja: hakuna hata moja, kwani mtoto hawezi kubuni jambo la namna hii. Wako na wanaojibu: nusu, au kupita nusu, kwani siku hizi watu wanatafuta feza na kisasi. Wa kwanza anashika hesabu yake mkononi, wa pili vile vile. Na jambo la kushangaza, mara nyingine hesabu zote mbili zimetoka katika uchunguzi mmoja.

Tunataka kueleza ginsi hesabu hizo zinavyofanywa, na mahali zinapokwama. Si mchezo wa wataalamu. Anayeshika jibu la kwanza anaweza kumfukuza katekista asiye na kosa bila kumwuliza neno. Anayeshika jibu la pili anaweza kumrudisha mtoto mikononi mwa mtu anayemharibu. Tunaposema "ubaya" hapa, tunataka kusema kumgusa mtoto kwa tamaa, kumnajisi, na pia kumpiga kwa ukatili, kwani biro za Serikali katika nchi nyingi zinayaandika yote katika kitabu kimoja.

Uongo ni nini?

Mwanafunzi anasema: "Mwalimu alinipiga ngumi." Tuchunguze. Labda mwalimu hakumgusa hata kidogo, na mwanafunzi anajua hivyo, lakini amekasirika juu ya pointi za mtihani. Huyu anasingizia; ndiyo zambi inayokatazwa na amri ya nane. Labda mwalimu alimkamata mkono kwa kumtenga na mwenzake waliyepigana: tendo lilikuwako, lakini halikuwa ubaya. Labda mtoto alipigwa kweli, lakini na mtu mwingine. Labda si yeye aliyeleta habari, ni jirani aliyesikia nusu ya maneno nyuma ya ukuta. Labda ni mtu mzima anayekumbuka leo jambo la miaka 30 iliyopita, anaamini kabisa anayoyasema, na jambo halikutokea hivyo. Au labda mwalimu alimpiga mara moja, naye anasema mara kumi.

Katika mifano hii sita, anayesema uongo kwa kusudi ni yule wa kwanza, na kwa sehemu yule wa mwisho. Wengine wamekosea, au wamekosewa. Lakini mtu mwenye haraka ya kuhesabu atawaandika wote sita katika safu moja: "mashitaki ya uongo". Mwingine ataandika mmoja tu. Hakuna aliyeiba hesabu. Kila mmoja amepima kwa kipimo chake.

Juu ya yule anayekumbuka vibaya tuongeze neno, kwani wengi wetu tunazani kwamba mtu akisema kwa machozi, sherti amesema kweli au amedanganya. Katika mwaka 1995, Bibi Elizabeth Loftus na mwenzake, katika nchi ya Marekani, walichukua watu 24 wakawaeleza mambo ya utoto wao waliyopewa na jamaa zao. Katikati ya mambo ya kweli walitia moja la kubuniwa: kwamba walipokuwa wadogo walipotea dukani, wakalia, mzee mmoja akawasaidia. Watu 6 kati ya 24 walifika kukumbuka, kabisa au nusu, jambo lisilotokea. Hakuna aliyekuwa mwongo kati yao. Wengine wamejibu kwamba kupotea dukani si sawa na kunajisiwa, na jibu hilo lina uzito. Lakini linabaki hili: kati ya kweli na uongo kuna mahali pa tatu, pa mtu anayekosea kwa moyo safi.

Vikapu vya Waingereza

Nchi iliyojaribu zaidi kuhesabu mashitaki juu ya walimu na walezi ni Uingereza. Kule kila serikali ya mahali ina mtu aliyewekwa kwa kupokea habari hizo zote, ziwe kubwa au ndogo. Kesi ikimalizika, inatiwa katika kimoja cha vikapu vilivyoandikwa katika maagizo ya Serikali kwa masomo. Siku hizi vikapu ni vitano. Cha kwanza: jambo limesibitishwa. Cha pili: kuna ushuhuda wa kutosha kwamba jambo halikuwako, na aliyeshitaki alitaka kudanganya. Cha tatu: kuna ushuhuda wa kutosha kwamba jambo halikuwako, bila kusema alitaka kudanganya. Cha ine: hakuna ushuhuda wa kutosha, wala wa kukubali wala wa kukana, na maagizo yanaongeza wazi kwamba kikapu hiki hakisemi kama mtu ana kosa au hana. Cha tano: hakuna msingi wowote wa mashitaki, pengine mtu aliona vibaya au hakufahamu alichokiona.

Tunasifu vikapu hivi. Vimefanywa na watu wenye kufikiri. Tutazame sasa vilivyotumiwa.

Katika mwaka 2011 Serikali ya Uingereza ilitangaza uchunguzi juu ya mashitaki yaliyopokelewa toka Aprili 2009 mpaka Machi 2010. Serikali za mahali 116 zilijibu. Walikuta mashitaki 12,086 juu ya watu wa kila namna wanaokaa na watoto, na kati yao 2,827 yalikuwa juu ya walimu. Katika yale ya walimu, karibu nusu yalianguka katika vikapu vya "halikusibitishwa", "halina msingi" na "la kusingizia", vyote pamoja. Mara moja watu walisema: tazameni, karibu nusu ya walimu wanaoshitakiwa wanashitakiwa bure. Lakini mtu akifungua kikapu cha kusingizia peke yake, alikuta mashitaki machache sana. Mwingine aweza basi kusema: tazameni, wasingiziaji karibu hawako!

Wote wawili walisoma karatasi moja. Wa kwanza alichukua kikapu cha wasiojulikana akakimwaga katika kikapu cha uongo. Wa pili alikichukua akakimwaga, bila kusema, katika kikapu cha kweli. Na kikapu kile chenyewe kiliandikwa: hatujui.

Kanuni ikibadilika, hesabu inabadilika

Waingereza wengine, Bibi Liz Kelly na wenzake, walitangaza katika mwaka 2005 uchunguzi juu ya mashitaki ya kunajisi yaliyoletwa kwa polisi. Hayakuwa ya walimu, lakini yanaonyesha vizuri tunalotaka kusema. Kati ya kesi 2,643, polisi waliandika 216 kuwa za uongo: ni 8 kwa mia. Kisha wachunguzi walirudi katika karatasi zile zile, wakauliza: polisi walikuwa na sababu gani ya kuandika "uongo"? Mara nyingine sababu ilikuwa kwamba mwanamke alilewa, au ana ugonjwa wa akili, au maneno yake ya Jumatatu hayakulingana na yale ya Jumatano. Walipobakiza tu zile zenye sababu ya nguvu, kwa kufuata kanuni ya polisi wenyewe, hesabu ilishuka mpaka karibu 3 kwa mia. Kesi hazikubadilika. Watu hawakubadilika. Kilichobadilika ni kanuni.

Na mtu akitaka hesabu ndogo kabisa, ahesabu wale tu waliopelekwa mbele ya waamuzi kwa kusingizia. Toka Januari 2011 mpaka Mei 2012, katika Uingereza na Wales, watu 5,651 walifuatwa na waendesha mashitaki wa Serikali kwa kosa la kunajisi, na 35 tu kwa kosa la kushitaki unajisi kwa uongo. Je, hesabu 35 inapima uongo? Hapana. Inapima uongo uliogunduliwa, uliokuwa na ushuhuda, na ambao mwenye mamlaka aliona inafaa kuufuata. Mtoto wa miaka kumi aliyemsingizia mwalimu wake hapelekwi tribinali. Hataingia katika hesabu hiyo milele.

Juu ya watoto wenyewe, uchunguzi tunaouona bora ulifanywa Kanada. Nico Trocmé na Nicholas Bala walichunguza kesi 7,672 za watoto zilizopokelewa mwaka 1998 na biro za kulinda watoto. Sehemu moja katika tatu hazikusibitishwa. Lakini wafanyakazi waliozichunguza waliona kusudi la kudanganya katika 4 kwa mia tu. Wazazi walipokuwa wakigombana juu ya nani atakaa na mtoto, hesabu ilipanda mpaka 12 kwa mia. Na nani walibuni? Zaidi wale wasiotaja majina yao, na mzazi asiyekaa na mtoto. Watoto wenyewe walikuwa kati ya wale wanaobuni kidogo kabisa. Habari hii inafaa kushikwa na kila katekista: mtoto akitajwa katika uongo, mara nyingi si yeye aliyeuanza.

Lakini hata hapa tuangalie. Ile 4 kwa mia ni maono ya mfanyakazi wa biro. Hakuona ndani ya moyo wa mtu.

Kikapu cha katikati

Kwa nini basi kikapu cha wasiojulikana ni kikubwa hivyo? Kwa sababu ubaya huu unafanywa bila shahidi. Mara nyingi mwili wa mtoto hauna alama, hata pale alipotendewa ubaya kweli. Mara nyingi miaka imepita. Na tena, ishara tunazozitumia kwa kutambua uongo ni zaifu kuliko tunavyozani. Tutaje mbili.

Ishara ya kwanza ni mtu kufuta maneno yake. Mwezi wa Novemba 1993, Kardinali Joseph Bernardin, Askofu mkuu wa Chicago, alishitakiwa mbele ya dunia nzima kwamba zamani alimtendea kijana mseminari ubaya. Mwezi wa Februari 1994 mshitaki aliondoa mashitaki: aliona kwamba kumbukumbu zake, zilizotoka katika kulazwa usingizi na mganga, haziwezi kuaminiwa. Mwisho wa mwaka ule Kardinali alikwenda kumwona katika seminari moja ya Philadelphia, wakapatana, akamwadhimishia Misa. Hapa kufuta maneno kulionyesha kweli.

Lakini tusifanye kanuni kwa mfano mmoja. Kwetu tunajua ginsi mambo yanavyokwenda: jamaa mbili zinakaa chini ya mwembe, mbuzi anatolewa, feza zinahesabiwa, na kesho yake msichana anakuja kusema mbele ya polisi kwamba alikosea. Je, tumwandike mwongo? Au mtoto anayeona mama yake analia, baba yake amepoteza kazi, mwalimu amefungwa, na ndugu zake wanamlaumu: atafuta maneno yake hata kama yalikuwa kweli tupu. Anayehesabu kila maneno yaliyofutwa kuwa uongo anahesabu pia nguvu za wenye mbuzi.

Ishara ya pili ni mshitakiwa kufunguliwa na waamuzi. Kardinali George Pell alihukumiwa katika Australia mwezi wa Desemba 2018, na siku ya 7 Aprili 2020 Tribinali Kuu ya nchi, waamuzi wote 7 wakiwa na neno moja, ilimfungua. Wengine waliandika: imesibitishwa kwamba mshitaki alidanganya. Waamuzi hawakusema hivyo. Walisema kwamba, kwa ushuhuda wote uliotolewa, wale waliomhukumu walipaswa kuwa na shaka. Shaka inatosha kwa kumfungua mtu, na ni haki hivyo. Haitoshi kwa kumwita mwenziwe mwongo. Tribinali inajibu swali moja: je, kosa limesibitishwa? Swali letu la hesabu ni lingine, na tribinali haikulijibu.

Danieli na mashahidi

Wasomaji wetu wanajua habari za Suzana katika sura ya 13 ya kitabu cha Danieli. Wazee wawili wanamshitaki, ushuhuda wao unalingana, watu wote wanaamini. Danieli anafanya jambo moja tu: anawatenga, anauliza kila mmoja chini ya mti gani. Wa kwanza anataja mti mmoja, wa pili anataja mwingine. Tuangalie kwamba ushuhuda wa watu wawili ulikuwa na nguvu machoni pa watu kwa sababu walikuwa wawili. Kumbe uwili wao ulikuwa mapatano.

Shida hiyo ilirudi katika Uingereza na Wales, katika kesi za nyumba za kulelea watoto. Kwanza tuseme wazi kwamba ubaya ulikuwako. Tume ya Bwana Ronald Waterhouse, iliyowekwa mwaka 1996 na kutoa maandiko yake mwaka 2000, ilionyesha kwamba katika nyumba za kaskazini ya Wales watoto wengi walitendewa ubaya toka mwaka 1974, nao waliposema hawakusikilizwa. Hakuna anayeweza kurudi nyuma ya hayo.

Lakini namna ya kutafuta mashahidi ilileta mashaka. Polisi hawakungoja mtu alete neno. Walikwenda kwa mamia ya watu wazima waliolelewa zamani katika nyumba moja, wakawauliza kama walitendewa ubaya. Wengine walijua kwamba kuna malipo kwa walioteseka. Wengine walizungumza wao kwa wao. Tena, toka hukumu moja ya Tribinali ya juu mwaka 1991, haikuwa sherti tena mashitaki ya watu mbalimbali yafanane kwa namna ya ajabu kusudi yasaidiane. Wingi wao ukapata uzito. Katika mwaka 2002 kamati ya Bunge, iliyoongozwa na Bwana Chris Mullin, iliona kwamba namna hii inaweza kuwatia wasio na kosa gerezani. Serikali ilijibu mwaka 2003, haikukubali maono yote ya kamati. Wachunguzi wa mambo haya wangali wanagombana mpaka leo, na tunafahamu sababu: polisi wasipokwenda kutafuta, walioteseka wengi hawatasema kamwe, wakienda, hawajui tena ni sauti gani wameikuta na ni sauti gani wameiita.

Watoto wadogo wana shida yao nyingine. Wachunguzi wa Kimarekani, Leichtman na Ceci, walitangaza mwaka 1995 habari za mgeni mmoja waliyemwita Sam Stone. Aliingia katika masomo ya watoto wadogo, akakaa dakika chache, akatoka bila kuharibu kitu. Watoto walioulizwa kwa upole, bila kuwatia maneno kinywani, karibu wote walisema kweli. Lakini watoto waliotangulia kuambiwa kwamba Sam ni mtu wa kuvunja-vunja vitu, kisha wakaulizwa mara nyingi maswali yenye jibu ndani yake, wengi walieleza ginsi alivyopasua kitabu na kuchafua mdoli. Tusiseme basi kwamba watoto ni waongo, wala kwamba hawadanganyi. Yule mtoto wa kwanza na yule wa pili ni sawa. Aliyetofautiana ni mwenye kuuliza.

Mjini Newcastle walezi wawili wa watoto wadogo walishitakiwa mwaka 1993. Mwaka 1994 walifunguliwa. Mwaka 1998 tume iliyowekwa na mji ilitangaza maandiko yaliyowahukumu tena, wakakimbia na kujificha. Mwaka 2002 mwamuzi mkubwa mjini London alisema wazi kwamba walezi hawa hawakufanya neno, na kwamba waandishi wa tume waliandika mambo waliyojua si kweli. Akaamuru kila mmoja alipwe paundi 200,000. Hii ni moja ya mara chache ambapo neno "uongo" limesibitishwa kabisa. Ilichukua miaka 9, na walipaswa wenyewe kushitaki waliowashitaki.

Na kule Outreau, kaskazini ya Ufaransa, kweli na uongo vilitiwa katika karatasi moja. Uchunguzi ulianza mwaka 2001. Watu 17 walipelekwa mbele ya tribinali mwaka 2004. Mwisho, tarehe 1 Desemba 2005, 13 kati yao, na padri mmoja pamoja nao, walikuwa wamefunguliwa kama wasio na kosa. Mtu mwingine alikuwa amekufa gerezani mwaka 2002 kabla ya kuhukumiwa. Lakini watu 4 walibaki na hukumu, na watoto 12 walitambuliwa kuwa walitendewa ubaya kweli. Tunawauliza wapenda hesabu: mashitaki ya Outreau tuyaandike katika safu gani? Mtoto mmoja aliweza kusema kweli juu ya mtu mmoja na si kweli juu ya mwingine, siku ile ile.

Wale wasiosema

Mpaka hapa tumezungumza juu ya mashitaki yaliyoletwa. Lakini kila hesabu ya "kwa mia" ina sehemu mbili, na sehemu ya chini nayo haijulikani. Tume iliyochunguza Kanisa la Ufaransa ilitangaza mwezi wa Oktoba 2021 kwamba, kwa kuuliza watu kama 28,000 wa nchi nzima, inakadiri watu 216,000 walio hai walitendewa ubaya utotoni na mapadri au watawa toka mwaka 1950. Katika karatasi za Kanisa na za tribinali, katika magazeti na katika barua za walioteseka wenyewe, ilikuta majina ya watu elfu chache tu. Wengi wakubwa mno hawakuleta mashitaki popote. Wengine wametoa lawama juu ya kadirio hilo, na kweli ni kadirio, lina mipaka mipana. Lakini hata tukilipunguza sana, walionyamaza wanawashinda waliosema.

Basi mtu akisema "10 kwa mia ya mashitaki ni uongo", tumwulize: mia ya nini? Watoto wakianza kupata moyo wa kusema, mia hiyo itakuwa na watu wengine kabisa, na hesabu itabadilika bila uongo kuongezeka wala kupunguka.

Kuna na hesabu ambazo zimefungwa toka mwanzo. Uchunguzi mkubwa wa Marekani wa mwaka 2004, uliofanywa na John Jay College, ulikuta mapadri na mashemasi 4,392 walioshitakiwa kati ya 1950 na 2002. Mara nyingi tunausikia ukitajwa kama jibu la swali letu. Lakini wachunguzi walikuwa wameomba majimbo yasiandike mashitaki yaliyofutwa au yaliyojulikana kuwa ya uongo. Hayakuingia katika kikapu. Hatuwezi kuyatafuta humo.

Na wale waliosingiziwa kweli? Katika mwaka 2016 wachunguzi wa Oxford walisikiliza watu 30, walimu, walezi na wengine waliotumainiwa kwa kazi yao, ambao walishitakiwa bila kosa. Walikuta ndoa zilizovunjika, kazi zilizopotea, hofu ya kutoka nje, mawazo ya kujiua. Na tena, kufunguliwa hakukurudisha jina. Watu 30 hawapimi wingi, na wachunguzi hawakudai hivyo. Wanapima uzito. Bunge la Uingereza lilikuwa limeona uzito huo, likakataza kwa sheria ya mwaka 2011, iliyoanza kushika Oktoba 2012, jina la mwalimu aliyeshitakiwa na mwanafunzi wake lisitangazwe kabla hajapelekwa tribinali.

Kitabu cha parokia

Sheria ya Kanisa, tukiisoma vizuri, inafahamu yote tuliyoeleza. Kanuni ya 1717 inamwamuru Askofu achunguze habari inayofanana tu na kweli. Haidai kwanza isibitishwe. Na kanuni hiyo hiyo inamwagiza aangalie jina jema la mtu lisiharibiwe na uchunguzi. Kwa mwisho wa kesi inajua majibu matatu, si mawili: constat, kosa limeonekana, constat de non, imeonekana kwamba kosa halikuwako, non constat, haikuonekana. Ndivyo vikapu vya Waingereza, na tena vya zamani kuliko vyao. Uongo nao haukusahauliwa. Kanuni ya 1390 inampa azabu anayemsingizia padri kwamba alimvuta mtu katika zambi ndani ya maungamo, na kanuni ya 982 inakataza kumwondolea zambi kabla hajafuta maneno yake na kuwa tayari kulipa hasara. Walioandika kanuni hizo walijua kwamba uongo uko. Hawakuandika popote ni ngapi kwa mia.

Toka mwaka 2019, kwa barua Vos estis lux mundi ya Papa Fransisko, iliyosibitishwa upya mwaka 2023, kila padri na kila mtawa anapaswa kupeleka upesi kwa Askofu habari ya ubaya anayoisikia. Basi habari zitaandikwa, na wengi kati yenu, mafratri wapenzi, ndio mtakaoziandika. Andikeni maneno ya mtoto kama alivyoyasema, kwa luga yake, hata yakiwa ya aibu. Andikeni na swali mlilomwuliza, kwani bila swali jibu halina samani. Andikeni nani aliyekuja naye, na nani alisikia kwanza. Msimwulize mara tano. Waacheni waliofundishwa kazi hiyo waulize. Sheria ya Leta nayo ifuatwe, bila kungoja tumalize yetu.

Na katika safu ya mwisho ya kitabu, mahali pa kuandika jinsi kesi ilivyomalizika, msijaze "uongo" kwa sababu jamaa zimepatana, wala "kweli" kwa sababu mwalimu amehama. Kama haikuonekana, andikeni haikuonekana, na tarehe. Mshitaki wa Kardinali Bernardin alifuta maneno yake baada ya miezi mitatu na nusu. Watu wa Outreau walifunguliwa baada ya miaka minne na zaidi. Watoto wa Wales walingoja zaidi ya miaka 20 kusikilizwa. Safu ile iachiwe nafasi ya kutosha, ya mistari miwili au mitatu chini ya tarehe ya kwanza.